Wakenya wa ng'ambo turuhusiwe kupiga kura kwa posta

Mhariri,

Mimi naishi jimbo la Washington huku magharibi mwa Marekani, sio Washington DC ule mji mkuu, na nina uraia wa nchi zote mbili, katiba yetu ya 2010 ndio ilituruhusu, kwa hivyo kura za huku napiga na za nyumbani natamani sana kupiga, lakini vile hizo mbili zinatofautiana inaniuma roho.

Ya huku inaletwa na mtu wa posta mpaka nyumbani, wiki mbili na siku kadhaa kabla ya uchaguzi. Naiweka kwa meza ya jikoni, watoto wakilala nasoma polepole huyu anayetaka ujaji ni nani na huu ushuru wa shule ni wa nini, najaza, natia karatasi kwa bahasha isiyo na jina, hiyo nayo naitia kwa ingine yenye jina langu, nasaini, narudisha. Stempu sinunui, zinalipiwa tangu 2018. Kuna mwaka nilisaini mbio mbio nikienda kazini, wakaniandikia barua ati saini haifanani na ile wako nayo, nikajaza fomu nikarudisha na kura ikahesabiwa. Hapo ndio niliamini kuna mtu kweli anaziangalia.

Sasa ya nyumbani. 2022 Marekani nzima ilikuwa na vituo vitatu, Washington DC, New York na Los Angeles. Kati ya hivyo cha karibu na mimi kilikuwa Los Angeles, na hapo ni ndege, tena safari mbili maana hata kujiandikisha lazima ufike wachukue alama za vidole. Sisi manesi wa zamu, wenye watoto, hizo pesa na hizo ofu tutatoa wapi? Ndio maana nchi zote 12 zilizokuwa na vituo ziliandikisha watu 10,443 tu, na daftari lote lilikuwa na zaidi ya milioni 22, halafu mtu anasema watu wa ng'ambo hawajali. Karo na bili za hospitali tunatuma kila mwezi, tunajali sana.

Sisemi nyumbani watu waache kupanga laini. Mama yangu huko Webuye anaamka saa tisa usiku aende shule ya msingi na leso mabegani, kura zinahesabiwa hapo hapo darasani maajenti wakiona na Fomu 34A ya matokeo ya urais inabandikwa mlangoni, imani hiyo siwezi kuivunja. Na barua zake zinapitia sanduku la kanisa linalotumiwa na watu wengi, bahasha ya kura ingepotelea huko.

Lakini sisi tuna anwani za nyumba, na tunachagua rais peke yake, karatasi moja. IEBC, nyinyi tume ya uchaguzi, tutumieni kura kwa posta, tukirudisha bahasha zifungulieni ubalozini mbele ya maajenti, kagueni saini, hesabuni, na hiyo 34A ibandikwe kwa mlango wa ubalozi. Wabunge nao watengeneze sheria mapema, uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Hiyo ni Jumanne, na Jumanne mimi huwa zamu.

Nesi Mkenya,
Jimbo la Washington, Marekani