Kabla ya mahojiano
Habari zenu wanakikundi. Tunakaribia kuanza mahojiano ya historia za maisha ya watu waliotumia methamfetamini, dawa ya kulevya inayochangamsha mwili na kuzuia usingizi, kwa hiyo naomba msome hadi mwisho.

Msianze na dawa, anzeni na maisha: utoto, shule, kazi ya kwanza, ndoa, watoto. Choreni kalenda ya maisha ya msimulizi, yaani matukio yake makubwa kwa mfuatano, pamoja naye, ndipo mumuulize matumizi yaliingia wapi. Mtu husahau mwaka, ila anajua kama ilikuwa kabla au baada ya mtoto wa pili. Vipindi alivyoacha vichimbeni zaidi. Watafiti wengi, kwa maoni yangu, hupita hapo mbiombio, na ndipo panapoonekana nini kilimshikilia na nini kilimrudisha.

"Kwa nini ulianza?" inasikika kama polisi. Ulizeni, "Siku hizo maisha yalikuwaje?"

Akiwa amelewa, au hajalala siku kadhaa, ahirisheni. Ridhaa ya namna hiyo si ridhaa. Majina ya watu na mitaa yafutwe wakati wa kuandika maneno yaliyorekodiwa.

Kila mtu arudi kwa msimulizi wake mara ya pili. Simulizi ya kwanza huwa imenyooka mno.

Anayeweza kusoma nakala za wenzake aniandikie pembeni.