Kuhusu filamu tuliyowaonyesha wasichana bwaloni

Ndugu Mhariri,

Kamwene. Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya mzazi aliyekasirika kwamba shule moja ya bweni ya wasichana huku Mufindi imewaonyesha wanafunzi "filamu ya mwanamke aliyetembea na mume wa mtu". Shule hiyo ndiko ninakofundisha kemia, na aliyeileta filamu ni mimi. Naomba nafasi kidogo nijibu.

Filamu yenyewe ni ya maisha ya Marie Curie, mwanasayansi aliyegundua elementi za radiamu na poloniamu: ndoa yake, ujane wake na, naam, mapenzi yake na mwanafizikia Paul Langevin. Mzazi anauliza kwa nini tusiwaonyeshe sayansi tu, mambo ya nyumbani kwake tukayaacha. Sayansi tu wanaipata kwangu kila wiki, na macho yanavyowafumba ikifika saa nane mchana nayaona.

Usiku ule tulitundika shuka la matroni ukutani, projekta ya kuazima, na mimi nasimamisha kila mara ili nitafsiri. Ilikuwa Julai, na baridi ya Mufindi ya Julai haihitaji kuelezwa. Wasichana wamejifunika mablanketi, wengine wawili wawili. Kwenye filamu, mama wa watu yuko bandani anakoroga madini kwenye sufuria kubwa, na swali la kwanza likatoka nyuma kabisa: "Mwalimu, mtoto kamwacha na nani?"

Hilo halimo kwenye kitabu changu cha kemia. Nilimjibu kwamba Irène alizaliwa Septemba 1897, bibi yake mzaa baba akafariki siku chache baadaye, na babu, Eugène Curie, daktari, akahamia kwa mwanawe na kumlea mjukuu. Miaka ile wazazi walipokuwa wakichuja tani za mawe hadi wakapata desigramu moja (sehemu ya kumi ya gramu) ya kloridi ya radiamu mwaka 1902, mzee yule ndiye aliyekuwa na mtoto. Bwalo lilitulia. Nusu ya wasichana wangu wamelelewa na bibi.

Halafu, tulipokaribia habari za Langevin, umeme ukakatika. Kwa hiyo mzazi na ajue kwamba ile sehemu anayoilalamikia, binti yake hajaiona. Nilichofanya ni kibaya zaidi: niliwasimulia gizani, tena nilianzia mbali.

Niliwaambia kwamba Warsaw ya ujana wake ilikuwa chini ya Urusi, na chuo kikuu hakikupokea wanawake. Yeye na dada yake Bronia wakapatana: Bronia aende Paris kusomea udaktari, Marie afanye kazi amtumie ada, kisha zamu igeuke. Kwa hiyo mwaka 1886, akiwa na umri wa miaka 18, alikwenda kukaa kwenye nyumba ya familia moja tajiri shambani, awafundishe watoto wao. Hakuwa wa kupiga deki, ni kweli, lakini alikuwa wa kulipwa mshahara. Kijana wa nyumba, Kazimierz, akampenda, wakataka kuoana. Wazazi wakakataa: mwana wao hawezi kumwoa mfanyakazi. Na Marie hakufungasha. Alibaki kwenye nyumba ile ile hadi 1889, kwa sababu Bronia alikuwa bado anasoma. (Kazimierz baadaye akawa mwanahisabati mwenye jina huko Poland. Mkwe waliyemkataa wazazi wake mnamjua.)

Gizani mtu akasema, taratibu, "Kama dada." Sitamtaja. Dada yake yuko Dar es Salaam, ni dada wa kazi. Ndiye aliyemnunulia godoro na sare, na kila mwisho wa mwezi hutuma fedha kwa simu. Mhariri, wewe na mimi tunajua mabasi ya kwenda Dar yanabeba wasichana wangapi kutoka Mafinga, Makambako na Njombe kwa kazi hiyo hiyo, na utani tunaowatupia. Mzazi akiniambia niondoe maisha binafsi nibakize radiamu, ananiambia nimwondoe na huyo dada.

Sasa Langevin. Simtetei mtu. Alikuwa na mke na watoto wanne, na mke alikuwa na haki ya kuumia. Lakini Pierre Curie, mume wa Marie, alikanyagwa na gari la farasi Aprili 1906. Mwaka 1911 Marie alikuwa mjane wa miaka mitano, mzazi asichanganye hapo. Magazeti ya Paris (samahani, Mhariri, ni wenzako) yalichapisha barua zao za siri, na watu wakajazana nje ya nyumba yake, watoto wamo ndani. Novemba ile ile akatangaziwa tuzo ya pili ya Nobel, na mwanakemia Svante Arrhenius akamwandikia kutoka Sweden kwamba ni afadhali asiende kuipokea. Alijibu kwamba tuzo ni ya kugundua radiamu na poloniamu, na kazi yake haihusiani na maisha yake binafsi. Akaenda. Aliyemsindikiza ni Bronia, pamoja na Irène, yule mtoto aliyelelewa na babu, ambaye naye alikuja kupata Nobel mwaka 1935.

Wasichana waliuliza Langevin alifanywa nini. Nikawaambia alipigana kwa bastola na mwandishi mmoja wa gazeti na hakuna aliyefyatua risasi, kisha akaendelea na uprofesa wake. Wakacheka kicheko ambacho sikukipenda sana, kwa kuwa mimi ni mwanaume. Walicheka tena, vizuri zaidi, waliposikia kwamba miaka mingi baadaye mjukuu wa Marie aliolewa na mjukuu wa Langevin.

Filamu haijaisha. Tutaimalizia Jumamosi hii saa moja na nusu usiku, umeme ukiwapo. Mzazi aliyeandika anakaribishwa, kiti tutamtafutia. Blanketi aje nalo.

Mwalimu wa kemia,
Mufindi, Iringa