Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mama anasema dawa imemkataa

Mheshimiwa Waziri,

Mama yangu ana miaka 71. Mwaka jana aliteleza kwenye kizingiti cha jikoni akavunjika mkono. Alipopimwa tukaambiwa mifupa yake imekuwa myepesi. Vidonge vya kila wiki vikamuunguza kifua, ikaamuliwa atundikiwe dripu ya asidi ya zoledroniki, dawa ya kuimarisha mifupa, miligramu 5, mara moja tu kwa mwaka. Tulifurahi. Dripu ilikwisha ndani ya nusu saa, tukapanda bajaji, tukarudi nyumbani.

Usiku ule ule akaanza kutetemeka. Homa, kichwa, viungo vyote vinauma. Kisha likaja tumbo. Alitapika mpaka nyongo, na kila nikimrudisha kitandani kutoka chooni anaomba nimpeleke tena. Nilikesha naye, beseni mapajani, namfuta mdomo kwa upindo wa kanga. Hata maji ya kijiko aliyarudisha. Neno lake lilikuwa moja: "Mwanangu, hii dawa imenikataa."

Sikuwa na la kumjibu. Hakuna aliyekuwa ametuambia lolote.

Siku ya nne alikunywa uji ukakaa. Ndipo nikaanza kuuliza na kusoma, na kilichoniuma ni kwamba haya yote yanajulikana siku nyingi. Dawa hii huamsha kinga ya mwili, mwili ukawaka kama umepatwa na mafua makali. Kichefuchefu, kutapika na kuharisha vinaweza kuja humo humo. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2007, wenye wanawake zaidi ya 7,700, karibu watatu kati ya kila kumi waliopewa dawa hii walipata maudhi ya namna hii baada ya dripu ya kwanza. Dripu ya pili, hata mmoja kati ya kumi hakufika. Mara nyingi huisha ndani ya siku tatu, na panadol hupunguza makali.

Sentensi mbili tu za muuguzi zingetosha, Mheshimiwa. Mama asingelala akidhani anakufa.

Na si suala la hofu peke yake. Dawa hii hutolewa mwilini kupitia figo. Ndiyo maana figo hupimwa kwanza, mgonjwa huhimizwa kunywa maji, na mwenye figo dhaifu sana hapewi kabisa. Sasa mzee anayetapika na kuharisha siku hizo hizo anakauka maji wakati figo zinayahitaji kuliko siku zote. Tungejua, ORS ya kurudisha maji mwilini ingekuwa mezani kabla hatujatoka nyumbani. Tungejua pia kwamba ganzi mdomoni na vidoleni, au misuli kukaza, huenda ni madini ya kalisi yaliyoshuka kwenye damu, na hapo ni kurudi hospitali bila kungoja asubuhi.

Silalamikii dawa. Utafiti huo huo ulionyesha kuvunjika nyonga kulipungua kwa asilimia 41, na mtaani kwetu sote tunamjua bibi aliyevunjika nyonga asiinuke tena. Silaumu wauguzi pia. Nimeona foleni wanayohudumia.

Ninachoomba ni karatasi moja ya Kiswahili, yenye herufi kubwa mzee aweze kuzisoma, apewe kila anayetundikiwa dripu hii kabla ya kushuka kitandani. Imwambie kitakachoweza kumpata siku tatu za kwanza, anywe nini, dalili zipi zimrudishe hospitali, na namba ya simu ambayo mtu ataipokea hata usiku. Kisha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo moja ya kazi zake ni kupokea taarifa za madhara ya dawa, iandikwe humo, ili familia kama yetu zijue pa kusemea. Mimi sikujua.

Dripu ya pili ya Mama ni mwezi wa nne. Nimemweleza yote niliyoyasoma, na ananisikiliza kwa upole kama anavyonisikiliza siku zote. Bado hajakubali kwenda.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Binti wa mgonjwa, Tanga