Rehema, chai ibandike mwenyewe

Rehema shoga yangu,

Salamu nyingi sana. Voisi zako nimezisikiliza kwenye basi nikitoka kazini, nikafika nyumbani nikazirudia tena, na kwa vile mambo ya chai hayaelezeki kwa voisi za dakika moja moja nimeona nikae nikuandikie kabisa. Umelalamika kwamba chai ya kule mgahawani karibu na chuo ni sukari tupu, na kwamba ukijipikia mwenyewe na tangawizi maziwa yanakatika. Halafu katikati hapo ukapitisha haraka haraka kwamba jioni zinakuelemea. Hilo ndo limenifanya nishike kalamu, hayo mengine ni rahisi.

Tuanze na hizo jioni basi. Mwezi wa 12 huku Minneapolis, Marekani, jua linazama saa kumi na nusu, na nyie huko Winnipeg, Kanada, ni hivyo hivyo. Kwetu Tanga saa kumi na nusu watu ndo kwanza wanatoka kuswali alasiri, jua kali, na magharibi ni saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, sasa mtu umekua hivyo miaka yote afu unaletwa mahali giza linaingia uko bado darasani na magari yanachomekwa umeme usiku kama simu ili asubuhi yawake, lazima mwili ushtuke. Usijione dhaifu. Mi kilichonisaidia mwaka wangu wa kwanza ni kuwa na kazi ya mikono saa ile ile giza linapoingia, na kazi yenyewe iwe na harufu. Madirisha ya huku hayafunguliwi miezi na miezi, hita inakausha hewa mpaka midomo inapasuka, nyumba inakuwa haina harufu ya kitu chochote. Ukibandika iliki na mdalasini zikachemka dakika kumi mvuke unatanda chumba kizima, kioo cha dirisha kinalowa kwa ndani, sweta zinashika harufu, na hata hujanywa bado roho imeshatulia. Nakuapia hiyo ni nusu ya chai yenyewe.

Sasa ile ya mgahawani. Mara nyingi inakuja imeshatengenezwa ni kama sharubati kwenye boksi, wanachofanya pale ni kumiminia maziwa ya moto basi. Sukari imo tangu kiwandani huwezi kuitoa. Kama unapenda kukaa pale na wenzio kaa, agiza, lakini usitegemee ikupe kile unachokitafuta.

Kuhusu maziwa kukatika, hiyo ni tangawizi mbichi shoga. Ina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na Wachina wa Guangdong wanakitumia makusudi kabisa, wanamimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi mbichi yanaganda wanayala kwa kijiko. Dawa yake ni moto. Tangawizi ichemke kwanza kwenye maji peke yake, ichemke kweli kweli, ndo maziwa yafuate. Bibi zetu hawakuwa na habari ya vimeng'enya ila hukuwahi kuona mtu kule Ngamiani kwetu Tanga anatia tangawizi mbichi kwenye maziwa, maji na viungo kwanza, siku zote.

Halafu iliki. Hapa nakuomba usibane pesa. Usinunue ya unga, iliki ikishasagwa harufu inaondoka upesi sana, ukifungua kichupa unakuta vumbi tu. Nunua maganda mazima, yawe bado ya kijani, ukilipasua moja ndani mbegu ziwe nyeusi zenye kunata kidogo kwenye kidole, zikiwa kavu na za kahawia hafifu zirudishe. We umeshapanda milimani Amani kwa wajomba zako unajua yale majani ya iliki marefu kuliko mtu, na iliki zenyewe hazikai juu zinatambaa chini kabisa kwenye shina, kwenye kivuli cha msitu, mtu anainama kuchuma punje punje. Ndo mana bei yake iko vile na sijawahi kuona ni ghali tangu nilipoona inavyochumwa. Hizi za huku pakiti nyingi zimeandikwa Guatemala, usishangae, wao ndo wanaolima nyingi kuliko wote duniani siku hizi. Mi zangu nachukua kwa Wasomali pale kwenye maduka yao ya Karmel, wanazo nzuri maana na wao chai yao haiendi bila iliki na mdalasini, ukiingia tu mlangoni harufu inakupokea. Winnipeg hamkosi maduka ya Wahindi, uliza elaichi, ndo wanavyoiita iliki, watakuonyesha rafu nzima, na hapo hapo chukua majani ya chai yale ya chembechembe, yale yanayotoa rangi kama ya nyumbani. Vile vipakiti vya kuchovya haviwezi kubeba maziwa.

Kupika kwenyewe sasa. Kwa vikombe viwili vikubwa weka maji kikombe kimoja na nusu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba uiponde usiipare, iliki tano uzipasue, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili basi (tatu inakuwa dawa ya jino), na pilipili manga punje nne tano. Pilipili manga usiiruke, najua kwenu hamtii, ila kwa baridi ya huko ndo inayoshuka kifuani ikakaa. Chemsha dakika kumi umefunika. Tia majani vijiko viwili vya chai, dakika mbili, halafu maziwa kikombe kimoja, yale mazito ya mafuta asilimia 3.25, haya mepesi ya buluu waachie wenyewe. Sasa simama hapo usiende kushika simu. Yatapanda, punguza moto yashuke, yapande tena, shusha tena, mara tatu hivi mpaka rangi iwe ya ule udongo mwekundu wa njia ya Muheza. Epua, funika dakika tano, chuja, sukari kila mtu na yake.

Usiku kama una mtihani wa kulala, maana najua usingizi umekuruka, acha majani kabisa. Viungo na maziwa tu, au mchaichai kama umeupata, unauzwa kwa Wavietinamu umefungwa mafungu, tena ule wa kugandishwa nao unafaa. Kahawa ya saa moja usiku achana nayo, hiyo ndo inakukesha we unasingizia baridi.

Na kinywaji hiki hakipikwi cha mtu mmoja. Yule dada wa Burundi uliyesema mnakaa floo moja mgongee mlango. Si lazima muwe na stori, mwambie tu nimepika chai ya viungo imezidi. Kama mna unga na hamira mkande maandazi, iliki ile ile.

Jumamosi natoka kazini saa nane mchana, nikifika nakupigia video. Uwe umeshaponda tangawizi ila usibandike, nataka nione maziwa yanavyoingia. Iliki ukizikosa nambie mapema nikutumie za hapa.

Nakupenda sana shoga yangu, vaa soksi mbili.

Mwanaidi