Vijana wa Mji wa Kale wa Mombasa, pandeni juu ya paa kabla ya kushika brashi

Wanangu,

Assalamu alaykum. Nimesikia mnachangishana mnunue rangi, mpambe kuta kuanzia Ndia Kuu hadi Kibokoni, ili wageni wakitoka Ngome ya Yesu waingie vichochoroni kwetu badala ya kurudi moja kwa moja kwenye mabasi. Nimefurahi sana. Nimekuwa mwashi mtaani hapa tangu ujana wangu, na siku nyingi sijaona vijana wakiziangalia nyumba hizi kwa jicho lisilo la dalali. Nawaomba jambo moja tu: rangi iwe ya mwisho. Anzeni na maji.

Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Jiwe la tumbawe lina vitundu kama mkate wa kumimina, hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi. Lipu ya chokaa huyaacha maji hayo yatoke polepole. Saruji huyafungia ndani, chumvi ikaganda na kulipasua jiwe, na ncha ya boriti iliyo ukutani ikaoza bila mtu kuona.

Haya yalinifika mwenyewe. Nilipoanza kazi nilibandua chokaa kwenye ukuta wa mamangu, upande wa kisimani, nikapiga saruji. Ukuta ulipendeza, nikaona nimemtendea mama wema. Baada ya masika kadhaa niligonga kwa kidole nikasikia mlio wa mtungi mtupu. Nikavuta, saruji ikatoka bamba zima, na nyuma yake jiwe limekuwa unga. Niliuchota kwa kiganja. Mama hakulala tena chumba kile. Hakunilaumu, na hilo laniuma hadi leo.

Kwa hivyo chagueni nyumba moja, mpande juu. Tazameni mvua yaingilia wapi. Zibueni mabomba ya paa, badilisheni boriti zilizooza, lowekeni chokaa wiki kadhaa kabla ya kuipiga. Mawe msiyachimbe baharini, yapo tele kwenye magofu. Na nyumba iliyopasuka itieni nguzo za kuishikilia kabla hamjaigusa. Unguja, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, watu wawili wakafa. Lile ni jumba la mwaka 1883, lenye serikali nyuma yake. Hizi zetu zina nani?

Msitegemee jina la Ngome. Ngome iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mitaa yetu haimo, tofauti na Mji Mkongwe wa Unguja ulioingia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001.

Sasa mirathi, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapofia. Babu amefariki, watoto saba, wajukuu hawahesabiki, mmoja yuko Jeddah, mwingine Uingereza. Paa likivuja kila mtu amngojea mwenzake, mpaka siku dalali anapokuja na bei na wote wanapokea simu. Wakalisheni warithi barazani sasa, kabla ya dalali. Muandikiane nani atatengeneza, kwa pesa ipi, na kodi itakwenda wapi. Nyumba ikiwa ya wakfu, isomeni hati: aliyeiwakifu aliweka masharti, na hayo hayabadiliki kwa sababu mgeni anataka chumba chenye roshani.

Na wapangaji wa zamani msiwafukuze kwa kodi. Meli kubwa zilihamia bandari ya Kilindini zamani, biashara ikazifuata, Bandari ya Kale ikabaki na majahazi machache. Waliobaki wakaushikilia mtaa ni watu kama yule mama wa mahamri na mbaazi ambaye moshi wake ndio unaotuamsha. Akihamia Kisauni kwa sababu mmemtengenezea ukuta, mtakuwa mmemtengenezea nani?

Nina pipa la chokaa nililoloweka tangu mwezi uliopita. Jumamosi baada ya alasiri njooni na miko yenu. Ukuta wa mamangu bado umesimama nusu. Tutaanza na huo.

Babu yenu, fundi wa Kibokoni