Kwa nini hatukukatii "vidonge vinne tu"

"Nyinyi mwatuibia!" Bwana mmoja alitwambia hivyo juzi hapa kaunta ya duka letu la dawa, watu wakisikia. Alileta cheti cha daktari cha Augmentin, antibayotiki, yaani dawa ya kupambana na bakteria, akaambiwa bei, akajibu kwamba hiyo ni amoksisilini tu, na mtaa wa pili anakatiwa vidonge vinne kwa pesa ya chai na mahamri. Maneno haya hayaishi, basi tuyajibu.

Amoksisilini, kama penisilini, humzuia bakteria kujenga ukuta wake. Akikua bila ukuta timamu, hupasuka. Seli za binadamu hazina ukuta huo, kwa hiyo dawa haina cha kubomoa kwetu. Lakini bakteria wengi wamejifunza kutoa kimeng'enya kinachoivunja dawa. Augmentin ni amoksisilini kweli, ila imeongezwa asidi ya klavulaniki inayokinasa kimeng'enya hicho. Hiyo nyongeza ndiyo unayolipia. Na daktari akiandika amoksisilini tupu, usitusihi tukupe ya ghali.

Azithromaisini na doksisaiklini hazishughuliki na ukuta. Huingia ndani zikakwamisha ribosomu, mahali bakteria anapotengenezea protini. Dada mmoja wa Kisauni alikuwa na kikohozi kikavu kisichoisha, akameza amoksisilini za jirani, kisha za wifi yake. Daktari alishuku mikoplasma, bakteria asiye na ukuta kabisa. Hata angemeza gunia zima! Alipewa azithromaisini akapona, na hapo alikuwa ameshatumia pesa nyingi kwa vipande vipande.

Siprofloksasini hushika vimeng'enya vinavyopanga DNA ya bakteria. Septrin humzuia kujitengenezea foleti, vitamini ambayo sisi twaipata kwa mchicha na maharagwe. Flagyl ni ya bakteria wanaoishi pasipo hewa, na amiba. Mafua ni virusi; hapo zote hizi hazifai kitu.

Sasa hesabu ya vidonge, maana ndiyo inayoleta ugomvi. Amoksisilini hupungua nusu katika damu kwa muda wa saa moja hivi, ndiyo sababu huandikwa mara tatu kwa siku. Azithromaisini hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo pakiti ya vidonge vitatu yaweza kuwa dozi kamili, hatujakupunja. Vidonge vinne vya amoksisilini havimalizi hata siku mbili. Homa itashuka, utafurahi, na bakteria wagumu watabaki wakizaana. Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu dozi pungufu katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945.

Tukikuuliza unameza dawa pamoja na nini, usione twakuchunguza. Fundi mmoja wa Mwembe Tayari alirudisha doksisaiklini akidai ni feki. Kumbe aliimeza pamoja na tembe za kiungulia, ambazo huishika dawa tumboni isiingie damuni. Tulimpangia saa za kuachanisha, na zile zile alizoziita feki zikamponya.

Pesa zikipungua, sema kabla hatujafungua pakiti. Mara nyingi ipo dawa ile ile ya kiwanda kingine kwa bei nafuu, na tukihitaji kubadilisha aina twampigia daktari wako kwanza. Cheti njoo nacho. Antibayotiki bila cheti sheria hairuhusu, hata kama tumekaa mtaa mmoja miaka yote.