Kiti cha James Madison

Boise, Idaho
27 Desemba 2025

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku milimani, na natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima na mkivumilia baridi ya Columbus. Ujumbe wako wa sauti wa Jumamosi iliyopita niliusikiliza mara tatu: mara ya kwanza nikacheka, ya pili nikakasirika, na ya tatu nikachukua kalamu, kwa sababu uliyoyasema hayajibiki kwa ujumbe wa dakika mbili. Ulisema kwamba Tulane na James Madison wamewapotezea watu siku yao, kwamba vyuo vya konferensi ndogo (konferensi ni kundi la vyuo vinavyoshindania ubingwa wao kama ligi) havina biashara katika mchujo wa ubingwa wa mpira wa Kimarekani wa vyuo, na kwamba watengenezewe kikombe chao wagombanie wao kwa wao. Wewe ni mtu wa Ohio State na mimi ni mtu wa Boise State, kwa hiyo hakuna kati yetu asiyeegemea upande. Hata hivyo naomba unisikilize mpaka mwisho.

Yaliyotokea sitayaficha. Tulane walikwenda Mississippi wakafungwa 41–10 na Ole Miss, timu ileile iliyokuwa imekwisha kuwafunga 45–10 mwezi Septemba, na usiku huo James Madison wakafungwa 51–34 na Oregon, katika mchezo ambao tangu mapumziko kila mtu alijua mshindi ni nani. Ulirekodi ujumbe wako wakati huo, nadhani, maana nyuma ya sauti yako nilimsikia mtangazaji akijitahidi kutafuta la kusema. Ilikuwa ngumu kutazama, nakubali.

Lakini ikiwa kufungwa vibaya ndiko kunakothibitisha kwamba timu haikustahili kuwapo, basi tuwatoe wengi. Tarehe 31 Desemba 2021 Cincinnati, timu ya kwanza ya konferensi ndogo kuingia katika mchujo ulipokuwa bado wa timu nne, kabla haujawa wa timu 12, walifungwa na Alabama 27–6, na kesho yake magazeti yakaandika kwamba jaribio limeshindwa. Usiku uleule Michigan, mabingwa wa Big Ten, konferensi kubwa ambayo ndiyo yenu pia, walifungwa na Georgia 34–11. Tofauti ya Cincinnati ilikuwa pointi 21, ya Michigan ilikuwa 23, na mpaka leo sijamsikia mtu akisema kwamba Big Ten wanyimwe nafasi kwa ajili ya usiku ule. Michigan State waliwahi kufungwa 38–0 katika hatua hiyohiyo, na mwaka uliofuata, nakukumbusha kwa upole tu, timu yako mwenyewe ilifungwa na Clemson 31–0. Mkubwa akianguka tunasema ameteleza. Mdogo akianguka tunasema hakuwa na miguu tangu mwanzo.

Tena wewe hasa ndiye uliyefaidika na mlango kupanuliwa kutoka timu nne hadi 12. Ubingwa mnaoushikilia sasa, ule wa Januari 2025 mlipowafunga Notre Dame 34–23, mliupata baada ya kupoteza michezo miwili ya msimu, mmoja wao nyumbani kwenu mbele ya Michigan, na kamati ya uteuzi ikawaweka nafasi ya sita. Mchujo ungalikuwa bado wa timu nne, mngeliutazama kwenye televisheni kama mimi. Hata kombe la kwanza la mchujo, la msimu wa 2014, mliingia mkiwa wa nne, huku mrusha pasi wenu akiwa ni yule wa tatu baada ya wawili kuumia, na chini ya utaratibu wa zamani wa timu mbili msingeliingia kabisa. Mara zote mbili wako watu waliosema hamkustahili, na mara zote mbili mkawajibu uwanjani. Mimi sikuombi zaidi ya hicho kwa ajili ya wengine.

Kinachoniuma si kufungwa kwa timu ndogo. Kinachoniuma ni ile miaka ambayo timu iliweza kushinda kila mchezo iliopangiwa, tangu mwanzo wa msimu hadi Januari, na bado isiwe na njia yoyote ya kufika kwenye kombe. Boise State walifanya hivyo, wakawafunga Oklahoma 43–42 katika Fiesta Bowl ya Januari 2007, mmoja wa michezo mikubwa ya mwaliko ya mwisho wa msimu, na bingwa akawa Florida aliyekuwa amefungwa mara moja. Utah walimaliza msimu wa 2008 bila kufungwa na kuwapiga Alabama 31–17, na bingwa akawa tena Florida aliyefungwa mara moja. TCU waliwafunga Wisconsin katika Rose Bowl, mchezo mwingine wa namna hiyo, wakamaliza 13–0, yaani ushindi 13 bila kufungwa, wakaambiwa ahsanteni. Mara ya mwisho timu ya konferensi ndogo kutangazwa bingwa ilikuwa BYU mwaka 1984, kabla mimi na wewe hatujajua kwamba kuna mpira unaochezwa kwa mikono.

Nitakaa kidogo kwenye habari ya UCF, kwa sababu ndiyo inayoeleza kila kitu. Mwaka 2015 chuo hicho cha Orlando kilipoteza michezo yake yote 12. Miaka miwili baadaye, chini ya kocha Scott Frost, kilishinda yote. Beki wao, Shaquem Griffin, alikuwa na kiganja kimoja tu, kwa kuwa cha kushoto kilikatwa alipokuwa na miaka minne, na yeye ndiye aliyechaguliwa mlinzi bora wa mchezo pale walipowafunga Auburn 34–27 huko Atlanta, siku ya mwaka mpya wa 2018. Sasa tazama Auburn hao ni nani. Novemba iliyotangulia walikuwa wamewafunga Georgia 40–17 na Alabama 26–14. Ni kweli kwamba Georgia walilipiza kisasi katika fainali ya SEC, konferensi kubwa ya timu zote tatu hizo, wala sitaki kuificha hiyo, lakini wiki moja baada ya UCF kuondoka, kwenye uwanja uleule wa Atlanta, waliogombania ubingwa wa taifa walikuwa Georgia na Alabama. Timu pekee ya daraja la juu isiyofungwa na mtu msimu ule ilikuwa nyumbani Florida. Kamati ilikuwa imeiweka nafasi ya 12.

UCF wakajitangaza mabingwa wenyewe, wakafanya gwaride, na nchi nzima ikawacheka. Nami nilicheka wakati ule. Siku hizi najiuliza walipaswa kufanya nini kingine.

Na kumbuka ilikuwa Desemba ileile ya 2017 ambapo kule nyumbani Green Warriors, timu ya daraja la pili, iliitoa Simba kwa penalti katika Kombe la Shirikisho, wakati Simba ndio waliokuwa wakilishikilia kombe lenyewe. Wewe ulinuna wiki nzima. Ulimlaumu kocha, ukamlaumu mwamuzi, ukalaumu hata nyasi, lakini hukusema hata siku moja kwamba wale vijana wasingeruhusiwa kuingia uwanjani. Iweje jambo lililokuwa wazi kwako Dar es Salaam likugeuke ulipofika Ohio?

Utasema kwamba hesabu si rahisi hivyo, kwa kuwa ushindi 12 dhidi ya timu dhaifu haulingani na ushindi kumi katika SEC. Hapo una hoja, na ndiyo hoja yenu ya pekee ninayoiheshimu. James Madison waliingia katika mchujo wakiwa 12–1, na mchezo mmoja waliokuwa wamecheza na timu ya konferensi kubwa, Louisville, waliupoteza 28–14. Lakini ni nani anayepanga ratiba? Wakubwa hawapendi kusafiri kwenda kwa wadogo. Huwaita waje kwao mwezi Septemba, huwalipa fedha za kuja, na hutaraji kuwafunga mbele ya mashabiki laki moja. Mdogo akianza kuwa hatari, simu hazipigwi tena. Halafu Desemba anaulizwa kwa nini hakucheza na watu wa maana.

Zaidi ya hayo, siku hizi mdogo akifuga kuku, mkubwa ndiye anayekula mayai. Mrusha pasi wa Tulane wa mwaka jana, Darian Mensah, alihamia Duke, chuo cha konferensi kubwa ya ACC. Septemba hii Duke wakaja New Orleans na Mensah wao, na Tulane wakawafunga 34–27. Baadaye Duke haohao, wakiwa wamekwisha kupoteza michezo mitano, wakaenda kutwaa ubingwa wa ACC, na kwa kuwa msimu huu nafasi tano za moja kwa moja zilipewa mabingwa watano wa konferensi waliokuwa juu zaidi katika orodha ya kamati, ndipo kiti kilichozoeleka kuwa cha ACC kikaangukia James Madison. Mnasema wadogo wameiba kiti. Mimi naona ACC walikidondosha wenyewe njiani, na wakadondoshewa na timu ambayo Tulane waliifunga. Kuhusu Notre Dame, walioachwa nje na ambao mnawalilia, hao walifungwa na Miami katika mchezo wa kwanza wa msimu, na Miami ndio waliochukuliwa kabla yao. Wawalalamikie Miami.

Makocha wote wawili, wa Tulane na wa James Madison, walikuwa wamekwisha kuajiriwa na vyuo vikubwa zaidi kabla hata ya raundi ya kwanza, wakarudi kuaga kwa kuongoza mchezo mmoja wa mwisho. Hebu fikiri jinsi ilivyo kuingia katika mchezo mkubwa kuliko yote katika historia ya chuo chako huku mwalimu wako akiwa na mguu mmoja nje ya mlango.

Ndiyo maana usiku wa tarehe 6 Desemba mwaka jana haunitoki. Nilikuwa hapa uwanjani, fainali ya Mountain West, konferensi yetu, dhidi ya UNLV, chupa ya chai ya tangawizi ndani ya koti na soksi mbili kila mguu. Uwanja wetu unachukua watu kama 36,000 tu, nyasi zake ni za bluu, na chini ya taa rangi ile huwa kama bahari ya jioni pale Raskazone. Mkimbiza mpira wetu, Ashton Jeanty, alikuwa na desturi ya kusimama wima kabla ya mpira kuanzishwa, mikono imening'inia ubavuni, kama mtu anayesubiri daladala na hana haraka. Wengine wote wameinama, yeye kasimama. Kisha akapewa mpira, akapenya katikati, na nikaona tu mgongo wake ukipungua ukubwa kwa yadi 75. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye hatukuwa tumesemezana usiku kucha, alinishika bega wala hakuliachia mpaka mchezaji alipovuka mstari. Kijana yule angaliweza kuhama akalipwa zaidi kwingine, akabaki, na alimaliza msimu akiwa na yadi 2,601 za kukimbia na mpira, pungufu ya 27 tu kufikia rekodi ya Barry Sanders ya mwaka 1988.

Usiku ule tulishinda 21–7 tukaingia katika mchujo wa timu 12. Penn State wakatutoa 31–14, na watu wa televisheni wakasema tulipewa bure nafasi ya tatu, iliyoturusha raundi ya kwanza. Timu zote nne zilizoruka raundi ya kwanza mwaka ule zilifungwa, ndugu yangu, na Oregon, waliokuwa namba moja bila kufungwa, mliwafunga nyinyi 41–21. Sisi tulifungwa kwa tofauti ya pointi 17, wao kwa 20. Lakini mimi silalamikii kufungwa kwetu. Tulijua mwezi Agosti kwamba tukishinda kuna mlango, tukaukuta, tukapita, tukafungwa na timu bora. Nilirudi nyumbani nikalala.

Basi msimamo wangu ni huu, na si mkubwa. Kiti kimoja kwa bingwa bora wa konferensi ndogo kiandikwe katika sheria na kisiguswe, hata mchujo ukipanuliwa kufika timu 16. Cha pili siwaombei. Mwaka huu kilikuja kwa bahati, na sitabisha wakiamua kuziba tundu lililokileta. Lakini hicho kimoja kisitegemee huruma ya kamati, kwa kuwa kamati hukisia, na miaka yote ile, ya Boise, ya Utah, ya TCU na ya UCF, ilipotea kwa sababu ya makisio.

Jumatano timu yako inacheza na Miami. Mlifungwa na Indiana 13–10 katika fainali ya Big Ten, na bado hamkulazimika hata kucheza raundi ya kwanza. Mmekaa nyumbani mkinywa maziwa ya moto huku James Madison wakivuka nchi nzima kwenda Oregon. Nitakutazama. Mkishinda nitapiga simu ya kwanza mimi, na mkifungwa kwa pointi nyingi sitasema kwamba hamkustahili kuwapo.

Msalimie shemeji, na umwambie ule ubuyu alionituma niutafute bado sijaupata hapa Boise.

Mimi rafiki yako wa tangu shule